Uhusiano na Mwombaji

Mashine ilivikataa vidole vya Fundi mara ya nne, na safari hii ilivikataa kwa mlio ambao foleni nzima iliusikia.

Afisa wa dirisha la pasipoti pale ubalozini, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alimwambia afute vidole vizuri ajaribu tena. Fundi akafuta kwenye sketi yake ya heshima, ile anayoivaa mara mbili kwa mwaka, akabandika kidole gumba juu ya kioo, akakandamiza mpaka ukucha ukawa mweupe. Kwenye skrini, mahali ambapo vidole vya wenzake vilikuwa vinaacha mistari mizuri ya kuzunguka, chake kiliacha doa tu.

"Unafanya kazi gani, binti?" afisa akauliza.

"Fundi vigae."

Afisa akashusha miwani, akamtazama kuanzia nywele zilizosukwa jana hadi kwenye vile viatu vya kubana. Akauliza, wewe? Fundi akajibu, mimi. Alishalizoea swali hilo. Kwao waliliuliza kwa kucheka, huku ugenini wanaliuliza kwa adabu, lakini ni lile lile. Afisa alipoushika ule mkono na kuugeuza kwenye mwanga wa taa, alitikisa kichwa, akasema kazi imekula alama. Saruji na gundi ya vigae, miaka kumi na miwili, glavu au bila glavu, hula ngozi taratibu mpaka kidole kinabaki laini kabisa. Alishawaona wapika mikate wa hivyo, na wafua nguo wa hospitali. Asione haya.

Nani kasema anaona haya? Mikono hiyo ilikuwa imetandika sakafu za wodi mbili na vyoo vya kiwanja kizima cha ndege, na sasa ilikuwa kwenye kazi kubwa kuliko zote: ukumbi wa maktaba mpya, mita mia sita za mraba, nakshi ya mawe ya rangi tatu, na mafundi wanane, wanaume watupu, waliokuwa hawabandiki kipande mpaka yeye avute uzi wa kwanza asubuhi. Fundi alikuwa na majivuno yake, na sitamwombea radhi kwa hilo. Mtu aliyeanza kwa kuchanganya saruji kwa wengine ana haki ya kutembea kifua mbele.

Lakini siku hiyo maji yalikuwa yamemfika shingoni. Pasipoti yake ilikuwa imebakiza siku kumi na moja, na kibali cha kufanya kazi nchi za watu hukaa mgongoni mwa pasipoti. Ikifa hii, kinakufa na kile. Maombi ya mwezi huo yalikuwa yanatumwa nyumbani kesho yake, Ijumaa. Akikosa kesho, ni kungoja mwezi mzima, na mwezi mzima maana yake ukumbi wa maktaba utamaliziwa na mtu mwingine.

Sasa usije ukadhani hakuwa na njia nyingine. Alikuwa nayo, na ndiyo iliyomkosesha raha wiki nzima. Njia hiyo ilikuwa na urefu wa mwanamume mmoja, sauti ya upole, na kazi ya kutafsiri maneno ya wagonjwa na washtakiwa katika hospitali na mahakama za mji ule. Walimwita Mkalimani. Kwa miaka mitatu alikuwa akimpenda Fundi, na Fundi alikuwa akimpenda yeye, na kila mtu aliyekuwa na macho alijua, isipokuwa baba yake Fundi, ambaye alijua na hakutaka.

Jumapili iliyopita walikuwa wanakunywa chai kwenye kibaraza cha nyumba ya Fundi, na Fundi akawa anamhesabia siku zilizobaki na makaratasi yanayotakiwa. Mkalimani, ambaye tayari ni raia wa nchi ile, akaweka kikombe chini akasema, kwa ile sauti yake ya kutuliza wagonjwa, kwamba ikigoma hiyo pasipoti, basi wafunge ndoa tu, apate makaratasi kupitia kwake, mambo yaishe.

Mambo yaishe. Miaka mitatu mwanamke anangoja neno, halafu neno lenyewe linakuja hivyo, pamoja na chai. Fundi alisimama, akachukua kikombe cha Mkalimani kikiwa na chai nusu, akaenda kukiosha. Tangu siku hiyo hakupokea simu yake hata moja.

Kwa hiyo afisa aliposema kwamba ipo njia ya watu wasiosomeka vidole, Fundi alivuta pumzi kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Anatakiwa mtu mmoja tu anayemfahamu kwa zaidi ya miaka miwili, aje mwenyewe, ale kiapo mbele ya afisa kwamba huyu ndiye, asaini. Tena mtu huyo awe yule yule aliyetajwa kwenye fomu. Afisa akafungua fomu ambayo Fundi aliijaza wiki tatu nyuma, kabla ya chai ile, akasoma kwa kidole: jina la mtu wa karibu, namba ya simu, uhusiano na mwombaji. "Ndugu," akasema kwa kuridhika. "Huyu anatosha kabisa."

Fundi alipofungua kinywa kueleza, afisa alikuwa keshainua simu ya mezani. Fundi alimwomba amwandike mtu mwingine, jirani, msusi wake, yeyote. Afisa akafunika simu kwa kiganja, akamwambia fomu imeshagongwa muhuri, haibadiliki jina, na nyuma yake wapo watu kumi na saba. Kisha akasema kwenye simu kwamba hapa ni ubalozini, na dada yake yuko hapa ana shida.

Fundi akaenda kukaa kwenye benchi akiwa roho juu. Alikitazama chumba chote ili asiutazame mlango. Sakafu ya ubalozi wa kwao ilimtia uchungu. Mtu alikuwa ameibandika kwa haraka, na kigae kilichokuwa chini ya kisigino chake kilitoa sauti ya utupu, hakuna gundi katikati. Alikigonga tena na tena.

Mkalimani aliingia baada ya nusu saa, kitambulisho cha hospitali bado kinaning'inia kifuani, jasho limemtoka kwa kukimbia ngazi. Alimwona Fundi mzima, hana damu, hajakamatwa, na uso wake ukalegea kwa faraja namna ambayo Fundi alilazimika kuangalia pembeni. Ukiwa na hasira na mtu, si vizuri kumwona akikuhofia.

"Wamesema dada yangu ana shida," Mkalimani alisema. "Nikawaambia sina dada. Wakanitajia jina lako."

Afisa alikuwa anawaita.

Afisa alitaka kitambulisho, Mkalimani akatoa pasipoti yake. Ilikuwa na jalada la nchi ile, si ya kwao. Afisa akaigeuzageuza, akauliza ya nyumbani iko wapi. Mkalimani akasema aliirudisha, hapo hapo, dirisha hilo hilo, miaka sita iliyopita, kwa sababu kwao mtu haruhusiwi kuwa na mbili. Afisa akaguna ule mguno wa mama wa watu, akasema mwacha asili ni mtumwa, lakini kiapo hakiangalii uraia, kinaangalia kujuana. Akaandika maelezo kwa mwandiko wa haraka, akamsogezea karatasi.

Mkalimani alisoma kama anavyosoma kila kitu, neno kwa neno, midomo ikicheza kidogo. Fundi alimwona akifika mstari wa tatu. Alimwona akirudi mwanzo wa mstari, akausoma tena. Kisha Mkalimani akaweka kalamu juu ya kaunta.

"Samahani, mama," akasema. "Hii siwezi kuisaini."

Nyuma yao mtu kwenye foleni alisonya. Afisa akauliza kuna kosa gani, jina si lake? Jina ni lake. Binti hamfahamu? Anamfahamu.

"Pameandikwa mimi ni ndugu yake. Mimi si ndugu yake."

"Jamani, ndugu ni neno tu. Sisi sote ni ndugu."

"Kwa kazi yangu, mama, hakuna neno tu." Akaeleza, kwa upole wake ule ule, kwamba mwezi uliopita mgonjwa mmoja wodini alimtambulisha mwenzake kuwa ni ndugu yake, na ukalimani ukafanywa haraka, na madaktari wakaandika kaka wa damu, wakaanza kupanga kumpima ili amtolee mwenzake figo. Kumbe ni mtu aliyesoma naye darasa moja. Tangu hapo akisikia neno hilo huuliza, ndugu yupi, wa tumbo moja, wa ukoo, au wa kusalimiana? "Na hapa naapa. Nikiapa uongo leo, kesho mahakamani nitawaapia nini?"

Fundi alipiga hesabu. Kesho Ijumaa, siku kumi na moja, mita mia sita za mraba, na mwanamume huyu amesimama kupima neno kwenye mizani. Na ubaya ni kwamba ndicho alichompendea. Siku ya kwanza walipokutana, wodini, Fundi akiwa amekuja kubadilisha vigae vilivyopasuka, alimsikia akimweleza bibi mmoja habari mbaya ya daktari. Alikataa kuipunguza, akakataa kuizidisha, akapiga magoti ili macho yao yawe sawa. Fundi aliacha kazi mikononi akasikiliza.

"Haya," afisa akasema, na sasa alikuwa amevua miwani. "Kama si ndugu, ni nani yake?"

Mkalimani alimgeukia Fundi. Alimtazama, na mtazamo wenyewe ulikuwa mrefu kuliko adabu ya ofisi za serikali.

"Hilo aulizwe yeye," akasema.

Hapo Fundi angeweza kulimaliza. Neno moja la kweli lingetosha. Lakini kiburi kikamtangulia, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Andika mtu ninayefahamiana naye."

Mkalimani aliinamisha kichwa kidogo. Afisa aliwatazama mmoja mmoja, akatazama saa ya ukutani, akakusanya karatasi. Alishaolewa miaka ishirini na tano huyo mama, hakuhitaji mkalimani. Akawaambia yeye anakwenda kula, dirisha litafunguliwa saa saba na nusu, na atakaporudi anataka neno moja ambalo wote wawili wanaweza kulisimamia, la sivyo faili haliendi.

Wakabaki kwenye lile benchi, kati yao pengo la mtu mmoja mnene.

"Ndugu," Mkalimani alisema hatimaye.

"Ulitaka niandike nini? Visanduku vilikuwa mume, mzazi, mtoto, ndugu. Hakuna kisanduku cha mtu wa chai za Jumapili."

"Miaka mitatu, Fundi."

"Ndiyo, mitatu. Na kwenye hiyo mitatu umeniposa lini?"

Mkalimani akajibu, Jumapili. Fundi akacheka kicheko kikavu, akamwambia asimchezee. Jumapili hakumposa, alimhurumia. Kuna mwanamke anayetaka kuolewa kama dawa ya makaratasi? Mtu amwambie jamaa zake, jamani nimeolewa, muhuri ulikuwa unakwisha? Yeye hakuvuka maji kuja kuokotwa. Alikuja na mwiko na kipima usawa, na siku akiolewa ataolewa kwa sababu mtu ameshindwa kuishi bila yeye, si kwa sababu yeye ameshindwa kuishi bila kibali. Alisema yote hayo kwa sauti ya chini, bila kuhema, akitazama ukuta. Machozi yalikuja, akajikaza kisabuni.

"Neno nililotaka kulisikia lilikuwa moja," alimalizia. "Wewe unayajua maneno yote ya lugha mbili. Lilikushinda nini?"

Mkalimani akasema jambo ambalo Fundi hakulitegemea.

"Baba yako."

Akamweleza kwamba mwaka jana, Fundi alipokuwa anaongea na baba yake simu ikiwa mezani imewekwa sauti ya juu, naye akiwa jikoni anakaanga mayai, alimsikia mzee akisema wazi. Alisema mtu aliyerudisha pasipoti ya kwao atashindwaje kumrudisha mke kwao?

Fundi alifumba macho. Aliikumbuka siku hiyo, na aliikumbuka sentensi hiyo. Ilikuwa imemkaa moyoni mwaka mzima akiamini ni yeye peke yake aliyeisikia. Mayai yalikuja mezani yameungua na hakuuliza kwa nini.

"Hukuniambia," akasema.

"Ningesema nini? Mzee alisema kweli. Niliirudisha." Mkalimani alikuwa anakizungusha kitambulisho chake kifuani, upande huu, upande ule. Mahakama hazimpi kiapo mkalimani asiye raia, akasema, na yeye hakuwa na kazi nyingine aliyoijua, na mama yake alikuwa bado hai, mgonjwa, anamtegemea. Akajaza fomu. Akaja hapa, akaisukuma ile pasipoti kwenye kaunta, wakaitoboa tundu mbele yake kwa mashine ya kutobolea karatasi. "Halafu nikaingia choo kile pale, mlango wa pili, nikalia mpaka mlinzi akagonga. Sijamwambia mtu. Sasa mtu wa namna hiyo aende kwa baba yako amwambie nini? Jumapili nilitafuta njia ya kukupata bila kumpitia yeye. Nilisema makaratasi kwa sababu makaratasi nilikuwa nayo. Ilikuwa ni woga, Fundi. Huruma nakuonea ya nini, wewe? Mimi ndiye wa kuhurumiwa."

Fundi alimgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili alimtazama sawasawa. Aliona mvi mbili kwenye kidevu ambazo wiki iliyopita hazikuwapo, au pengine zilikuwapo na yeye hakuwa na sababu ya kuzitafuta. Mapenzi yalimpanda ghafla, mazito, yamechanganyika na hasira iliyokuwa bado haijapoa, na hakujua aanze na lipi.

"Baba yangu," akasema polepole, "mwaka wa kwanza nilipoanza kazi hii, alikaa miezi minne hasemi na mimi. Mwanamke wa vigae, nani ataoa magoti yale? Nilipomaliza sakafu yangu ya kwanza nilimchukua kwa mkono nikampeleka. Akaitembea yote bila viatu. Siku ya pili nikasikia amewapeleka marafiki zake wakaione." Alikigonga tena kile kigae kwa kisigino. "Yule mzee hashindwi kwa simu. Anashindwa ukisimama mbele yake."

"Ataniuliza kuhusu pasipoti."

"Atakuuliza. Na utamwambia habari ya choo cha mlango wa pili, kama ulivyoniambia mimi."

"Nikitetemeka?"

"Tetemeka. Mimi nataka mtu aende kwa baba yangu akitetemeka, lakini aende. Hilo la mambo yaishe sitaki kulisikia tena mpaka nife."

Mkalimani alivuta pumzi. Akahama, akaziba lile pengo la mtu mnene, akauchukua mkono wa Fundi na kuufungua kiganja juu ya goti lake. Alivipitia vidole kwa ncha ya kidole chake, kimoja kimoja, vile vidole laini visivyosomeka.

"Nakupenda," akasema. "Samahani kwa kuchelewa. Nakupenda, na sijui kuishi bila wewe, na wiki hii nimefanya ukalimani vibaya mpaka jaji ameniuliza kama naumwa."

Fundi akacheka huku machozi yanamtoka, na safari hii hakuyazuia. Alimwambia na yeye amekata mawe sita nje ya kipimo, jambo ambalo halijatokea tangu awe msimamizi, na mafundi wake wamekuwa wakinong'onezana. Wakakaa hivyo, wameshikana mikono mbele ya picha za mandhari ya nyumbani, mpaka dirisha lilipofunguliwa.

Afisa alirudi na kijiti cha meno mdomoni. Akavaa miwani, akafungua faili, akauliza neno liko wapi.

"Mwombaji," Mkalimani akasema.

"Mwombaji ni yeye," afisa akamrekebisha. "Wewe ni shahidi."

"Yeye anaomba pasipoti, mama. Mimi namwomba yeye. Hajanikubalia, na baba yake hajanisikia, kwa hiyo siwezi kuandika mchumba. Lakini mwombaji ni kweli tupu. Hilo naliapia."

Kijiti kilitoka mdomoni mwa afisa. Aligeuka akamwuliza Fundi kama analisimamia neno hilo. Fundi, ambaye saa moja tu nyuma kiburi kilikuwa kimemtangulia, alisimama wima na kifua mbele, akasema analisimamia. Foleni nzima ilikuwa imenyamaza, na yule aliyesonya asubuhi alikuwa ameegemea kaunta kabisa ili asikose hata kidogo.

Afisa akaandika. Akasema sasa shahidi amtambulishe mwombaji kwa alama zake, maana vidole havisomeki. Na hapo Mkalimani, ambaye kazi yake ni kusema maneno ya wengine, alisema ya kwake. Alisema huyu ana kovu la msumeno wa vigae chini ya kidole gumba cha kushoto, alilipata mwaka juzi na akamaliza zamu kabla ya kwenda kushonwa. Akiinama, goti la kulia hutangulia. Akiingia jengo lolote huangalia chini kwanza, watu baadaye, na hapa ameshajua kwamba kigae cha chini ya benchi lile hakina gundi. Wodi namba tatu, ambako yeye hutafsiri kila Jumatano, sakafu ni yake. Wauguzi husema ndiyo pekee ambayo kitanda hakigongi kikisukumwa, na mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji hasikii maumivu ya njia. Ukitaka kujua alama za vidole vyake zimekwenda wapi, zimekwenda huko.

Afisa hakuyaandika yote. Nafasi ilikuwa mistari mitatu. Lakini aliacha kuandika akasikiliza, na alipomaliza, alimwambia Mkalimani, kwa heshima ambayo asubuhi haikuwapo, asaini hapa, na hapa. Muhuri ukashuka. Alimpa Fundi stakabadhi, akamweleza aipeleke kazini; inatambuliwa mpaka pasipoti mpya ifike baada ya wiki tano. Kibali hakitakufa, na maktaba ni yake.

Fundi aliikunja ile karatasi mara mbili, akaitia ndani ya sidiria, mahali ambapo haipotei. Kisha akamwambia Mkalimani kwamba sakafu ya maktaba itakwisha mwezi wa nane, na mwezi wa tisa, Mungu akipenda, yeye anakwenda nyumbani.

"Dirisha la viza liko wapi?" Mkalimani akamwuliza afisa.

Lilikuwa hatua moja kulia. Ubalozi ulikuwa mdogo, afisa aliinuka, akasukuma kiti chake chenye magurudumu, akakaa nyuma ya dirisha la pili lililoandikwa WAGENI, akainua pazia, akauliza kana kwamba hajawahi kumwona, "Nikusaidie nini?"

Mkalimani aliipokea fomu. Alipofika penye uraia kalamu ilisita kidogo, Fundi aliona, kisha ikaandika. Penye sababu ya safari palikuwa na utalii, biashara, masomo na mengineyo. Akaweka alama kwenye mengineyo, na mbele yake, kwa mwandiko wake wa mahakamani, akaandika: kuposa.

Afisa aliisoma. Alikohoa, akapangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi, akasema kwa ukali ambao haukumdanganya mtu kwamba mgeni haruhusiwi kuingia nchini bila kuwa na mwenyeji, na sehemu hiyo ameiacha wazi. Mwenyeji wake ni nani?

Mkalimani alibaki ameishika kalamu. Mama yake alikuwa amezikwa huku huku, na nyumba yao kule walishaiuza.

Fundi akasogea mbele. Akaweka mikono yake yote miwili juu ya kaunta, wazi, vidole vimenyooka.

"Mwenyeji wake ni mimi," akasema, na akaanza kumtajia afisa anwani ya nyumba ya baba yake, herufi kwa herufi, kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa foleni.